Waliokuja na Upanga Wakajifunza Kimvita

Wajukuu zangu,

Swali mliloniuliza barazani baada ya Isha lilikuwa la kisomi: Kiswahili kilitoka wapi? Lakini uzee una faida zake, nami nililisikia swali jengine lililojificha nyuma ya hilo. Mlitaka kujua nani mwenyewe wa mji huu wa Mombasa na nani mgeni. Mmoja wenu ana babu aliyeshuka Shirazi, na kila Idi babu huyo huongezewa jahazi moja. Mwengine ameambiwa na mwenzake wa chuo kikuu kuwa lugha yetu ni Kiarabu kilichovunjika, akarudi nyumbani na huzuni. Wa tatu, ambaye mama yake ni Mdigo wa Kwale, alinyamaza tulipofika kwenye nasaba, akajitia kushughulika na simu. Nyote nawaandikia, ila huyu wa tatu asome polepole.

Naanza na Warumi, maana mtu husikiliza kwa utulivu habari za watu wasiomhusu. Mwaka 58 kabla ya Masihi, Julius Caesar aliivamia Gaul, nchi tunayoiita leo Ufaransa, na baada ya miaka minane hivi alikuwa ameimaliza. Wenyeji walikuwa na lugha yao, Kigauli. Leo wajukuu wao husema Kifaransa, mtoto wa Kilatini. Wengi wakifika hapo hufunga kitabu na kusema: basi, mwenye kushinda vita ndiye mwenye lugha. Sasa fungueni ukurasa wa pili. Warumi hao hao waliitawala Uingereza tangu mwaka 43 hadi karibu 410 baada ya Masihi. Walijenga barabara, ngome na mahamamu, na walipoondoka Kilatini hakikubaki vinywani mwa watu. Misri waliitwaa mwaka 30 kabla ya Masihi wakaishika karne nyingi, na watu wa mijini wakaendelea na Kigiriki chao, wa mashambani na Kikopti chao. Hata huko Gaul, Kigauli hakikufa vitani. Kiliendelea kusemwa vijijini kwa karne kadhaa baada ya Caesar kuzikwa. Watu walikiacha kidogokidogo, kizazi hata kizazi, kwa sababu soko, mahakama, jeshi na baadaye kanisa vilikuwa vikisema Kilatini, na asiyekijua alikosa riziki.

Kisha likatokea jambo ambalo ndilo lililonifanya niwaandikie. Katika karne ya 5 wakaingia Wafranki, watu wa jamii za Kijerumani, wakaishinda nchi hiyo, wakatoa wafalme, wakaipa hata jina lao ambalo inalo mpaka leo. Na lugha yao ikapotea. Washindi waliiacha lugha ya kwao wakashika ya walioshindwa.

Wafranki hawa tunao hapa Makadara, na mnasali nao safu moja.

Wabulushi wa mtaa huu ni wajukuu wa askari. Babu zao walitoka Baluchistani, nchi kavu ya milima iliyogawika baina ya Iran, Pakistan na Afghanistan, wakaajiriwa na watawala wa Omani kwa sifa zao za vita. Mwaka 1837, Seyyid Said wa Omani alipowavunja nguvu Mazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, na kuutia mji mkononi, Ngome ya Yesu ikapata walinzi Wabulushi. Wakakaa, wakajenga msikiti wao, wakazikana hapa. Walikuja na bunduki, na mshahara wao ulitoka kwa mtawala. Kwa hesabu ya wale wasemao kuwa mshindi ndiye mwenye lugha, Makadara nzima leo ingekuwa ikisema Kibulushi.

Basi msikilizeni yule mwenzangu Mbulushi ninayecheza naye bao alasiri. Juzi aligombana na muuza kahawa juu ya chenji. Muuza kahawa ameinama na dele lake, makaa yanawaka chini, vikombe vyalia mkononi mwake, naye yuaapa kuwa amerudisha shilingi kumi. Rafiki yangu akamjia juu: "Mimi n'na mato, nimeona! Ndoo hapa, tia mkono mfukoni!" Baadaye nikamuuliza kwa utani angegomba vipi kwa Kibulushi. Alifikiri mpaka kahawa ikampolea kikombeni, akatoa maamkizi mawili na tusi moja, na tusi lenyewe, asema, babu yake alikuwa akimtusia punda.

Nini kiliwashinda watu ambao hawakushindwa na mizinga? Jiko. Askari hatumwi pamoja na mke. Wengi walioa hapa, na mtoto wa Mbulushi alijua kusema mato na kitwa na ndaa, yaani macho, kichwa na njaa, kabla hajajua baba yake yuala mshahara wa nani. Baba alirudi Ngomeni jioni akakuta nyumba nzima yasema lugha moja, na mtu mmoja hawezi kushindana na nyumba. Katika kizazi cha pili lugha ya baba ikawa ya kuamkiana na wazee, na katika cha tatu ikawa ya punda.

Mwenendo huu ni wa kale kuliko Mombasa yenyewe. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Masihi, mfanyabiashara mmoja wa Misri, raia wa dola hiyo hiyo ya Rumi, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za baharini ambao wasomi huuita Periplus. Ameitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na bandari ya mwisho aliyoijua kusini, Rhapta, palipouzwa pembe za ndovu na magamba ya kasa. Naye aeleza kuwa watu wa Muza, bandari ya Yemen, walikuwa wakituma huko manahodha Waarabu waliokuwa wamezoeana na wenyeji, wameoa kwao, wanaijua pwani na wanaifahamu lugha yake. Tazameni nani alijifunza lugha ya nani. Mgeni mwenye jahazi na mali ndiye aliyejifunza ya mwenyeji. Sisemi kuwa lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa hakijazaliwa. Nasema desturi ya kuoa na kufundishwa maneno na wakwe imetimiza karibu miaka elfu mbili.

Na wewe wa babu wa Shirazi, usikasirike, maana babu yako alikuja kweli. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapa utafiti wa vinasaba uliofanywa kwa mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani waliozikwa baina ya 1250 na 1800, Mtwapa ikiwemo, ambapo ni karibu na kwetu. Walikuta kuwa tangu karibu mwaka 1000 damu ya Uajemi iliingia pwani, na iliingia kwa upande wa wanaume zaidi. Upande wa wanawake ulikuwa wa Afrika kwa sehemu kubwa. Kwa hivyo masimulizi ya wazee juu ya Washirazi hayakuwa uzushi mtupu, na wale waliotucheka kwa miaka mingi watuombe radhi. Lakini utafiti huo huo waeleza kwa nini babu huyo, pamoja na heshima zake zote, hakutuachia Kiajemi. Ametuachia maneno ya kazi yake, kama bandari na nahodha. Yaliyobaki ni ya bibi.

Bibi huyo alikuwa nani? Hapa ndipo namtaka aliyenyamaza. Wataalamu wa lugha, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch kati yao, ambao walichapa kitabu kikubwa juu ya jambo hili mwaka 1993, wamekiweka Kiswahili katika ukoo mmoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Ukoo huo wameuita Sabaki, kwa jina la mto unaomwaga maji baharini karibu na Malindi. Hizi ni lugha ndugu, tumbo moja, zilizoachana zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Huna haja ya digrii kuuona udugu huo. Kiunguja husema macho, sisi twasema mato, mama yako Kwale husema matso, na ukifika Ngazija utakuta matso vile vile. Kichwa ni kitwa kwetu, kitswa kwa Wagiriama, chitswa kwa Wadigo. Hakuna jahazi lililoleta macho wala kichwa. Mama yako akisema, yuasema kwa sauti iliyo karibu na ya bibi zetu wa kwanza kuliko mtangazaji yeyote wa runinga, na siku nyengine nasaba zikisomwa barazani, taja yake kwa sauti.

Tazameni pia tunavyojihesabu. Mji huu una Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, wakiwemo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na wengineo. Wenzetu wa upande wa bara wamejiita Mijikenda. Tisa na kenda ni hesabu moja. Sisi tuliazima ya Waarabu tukaitundika juu ya milango yetu, wao wakabaki na ile tuliyokuwa nayo sote, na baadhi yetu tukafanya tofauti hiyo kuwa sababu ya kuwadharau. Nimeishi kuyaona haya kwenye posa na kwenye mazishi, na sikuona hata mara moja faida yake.

Sasa hiki Kiarabu kilichovunjika. Mwenye kusema hivyo amehesabu maneno, hakuangalia yanavyotumikishwa. Kiarabu tumechukua kingi, wala si aibu: sheria, dini, biashara, saa, sita na saba. Lakini chukua kitabu. Waarabu wakikizidisha husema kutub. Sisi tulilisikia lile ki la mwanzo tukalifanya letu, tukasema vitabu, tena vitabu vyangu vile vimepotea. Neno limeingia mjini na mara moja likavishwa nguo za wenyeji. Lugha iliyovunjika haiwezi kuyapanga maneno ya watu safu namna hiyo. Ukoo wa Mazrui wenyewe, uliotoka Omani na kuitawala Mombasa karibu karne nzima, ulimtoa Sheikh Al-Amin bin Ali (1891–1947), mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwaka 1932 alipoanzisha gazeti la Al-Islah kuwaamsha Waislamu wa pwani, hakutosheka na Kiarabu peke yake. Aliliandika kwa Kiswahili pia.

Wareno nitawapitia upesi, kama wao walivyopita. Waliuchoma mji mwaka 1505 na wakarudi kuupiga tena, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakakaa ndani yake mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1698. Miaka zaidi ya mia. Walimchukua hata mtoto wa mfalme, Yusuf bin Hasan, wakamlea Goa, wakambatiza wakamwita Jerónimo, wakamrudisha akiwa Mreno wa mavazi na wa maneno. Mwaka 1631 aliingia ndani ya Ngome na watu wake akamuua kapiteni, akaurudia Uislamu. Wareno wametuachia meza, bendera, leso, karata na foronya za mito. Vitu vya nyumbani, ndiyo, lakini vya kuwekwa na kuondolewa. Hawakutuachia hata neno moja la kumliwazia mtoto, kwa sababu hawakukaa nasi kwa namna hiyo.

Mpaka hapa mtadhani nawaambia mtawala hana nguvu juu ya lugha. Anazo, lakini si zile za mizinga. Nguvu zake zimo katika karatasi na shule.

Mwaka 1928 palifanyika mkutano, na ulifanyika hapa hapa Mombasa, wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, kuamua ni Kiswahili gani kitafundishwa shuleni na kuchapwa vitabuni. Wamishenari wa upande wetu walikuwa wakikitetea Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza lugha kwetu, na kamusi yake iliyotoka 1882 imejaa maneno ya kisiwa hiki na ya majirani zake. William Taylor alikusanya hapa misemo na mashairi, akifunzwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye bila yeye sehemu kubwa ya tungo za malenga Muyaka bin Haji zingezikwa na wenyewe. Upande wa pili palikuwa na Unguja, na sarufi ya Edward Steere ya mwaka 1870. Kiunguja kikashinda, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia.

Wazee waliokuwa vijana wakati huo walikufa na uchungu wa jambo hili. Mimi sina uchungu huo, na nawashauri msiurithi. Kiunguja kilikuwa kimeshakwenda na misafara hadi Ujiji na hadi Kongo wakati Kimvita kikikaa kwenye mashairi yake. Waliokuwa wakikielewa walikuwa wengi kuliko waliotuelewa sisi, na serikali hutafuta wengi. Ufaransa pia Kifaransa cha wafalme wa Paris kilitiwa katika hati zote za mahakama kwa amri ya mwaka 1539, na lugha za mikoa, Kioksitani na Kibretoni, zikabaki kuwa za nyumbani. Baadaye shule zikawaadhibu watoto wa Bretagne kwa kuzisema, kwa kuwavika kitu shingoni, na mtoto alikitoa tu akimnasa mwenzake. Msicheke. Shule za Kenya zilikuwa na kibao kama hicho kwa watoto waliosema lugha za kwao.

Kimvita hakikuhitaji kibao, na hapa ndipo lilipo donda langu. Mmoja wenu alikatwa alama kwa kuandika mato kwenye insha, na mama yake alitaka kwenda shuleni kugomba. Nilimzuia. Mwalimu alikuwa sawa. Kiswahili sanifu ndicho cha mtihani, cha magazeti na cha kuandikiana na mtu wa Bukavu au Mwanza, na mjukuu wangu asiyekijua vizuri nitamwona mvivu tu. Ajabu ni kuwa mama huyo huyo, aliyekuwa tayari kupigana kwa ajili ya mato, humwamsha mtoto wake wa miaka mitatu kwa Kiingereza, humlisha kwa Kiingereza, na humkanya kwa Kiingereza asichafue nguo. Nimewasikia wengi kama yeye Kuze na Kibokoni na hapa kwetu. Hakuna gavana aliyewaamrisha. Warumi walihitaji karne kadhaa kukimaliza Kigauli, na sisi twaweza kumaliza kazi kwa vizazi viwili, bila jeshi, kwa hofu ya karo na ya kazi. Hofu hiyo siidharau, nimesomesha watoto. Lakini Kiingereza atafundishwa shuleni kwa saa nyingi kila siku, na Kimvita hakina shule nyengine ila kifua cha mama yake.

Sheng yenu, kwa taarifa, hainikoseshi usingizi. Vijana wa soko na gari wameazima maneno huku na huku wakayatia kwenye viungo vya Kiswahili, na ndivyo tulivyofanya sisi na kitabu. Niamkieni kwa heshima tu, mengine msemane wenyewe.

Kwa hivyo fanyeni haya. Nyumbani semeni Kimvita bila kukitafsiri, na akicheka mgeni wa Nairobi mwacheni acheke, atazoea. Msiwakosoe wazee wanapopotoka na usanifu. Someni waliokishika kalamuni: Ahmad Nassir Juma Bhalo katika Malenga wa Mvita, na Abdilatif Abdalla, aliyeandika Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni. Kisomeni pia Historia ya Kiswahili ya 1977, kazi ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala. Wa kwanza ni mtoto wa Mombasa ambaye ukoo wake kwa baba ulitoka Bara Hindi, wa pili ni Mgogo wa Dodoma. Mwenye kuuliza nani mwenyewe wa lugha hii aanze kwa kuwatoa hao wawili, kisha aone nani atabaki wa kumwandikia historia yake.

Halafu simu hizo mlizonazo zitieni kazi. Kimvita kina vijukuu ambavyo hata mimi sivisemi: Kijomvu, na Kingare cha upande wa Mtongwe, ambavyo Mwingereza H. E. Lambert alivitungia kitabu mwaka 1958 wakati sisi tukivicheka. Wenye kuvijua sasa ni wazee, na si wengi. Pandeni gari mwende Jomvu Kuu, chukueni sukari na majani ya chai, bisheni hodi nyumba yenye mzee, muwe wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kurekodi. Msianze na nasaba. Ukimuuliza mtu babu yake alitoka wapi, atakupa jahazi. Muulizeni majina ya samaki wa hori lile, majina ya pepo, ya vipande vya dau na vya mtego, na alivyokuwa akiitwa na bibi yake alipokuwa mtoto mkorofi. Mkimaliza huko, vukeni feri mwende Mtongwe, na wa mama Mdigo ndiye aulize.